Salvador kwa miguu: mji wa juu, mji wa chini, na goti linalouma

"Assalam alaykum. Mimi na mume wangu ni wastaafu, tunaishi Mombasa. Binti yetu anasoma São Paulo na ametuandalia siku nne katika mji wa Salvador, Brazili, kuanzia tarehe 30 Juni. Mimi nina miaka 63, yeye 68. Kutembea tumezoea, kila siku baada ya Alasiri tunazunguka Mji wa Kale, lakini goti langu la kulia linanisumbua. Mume wangu ameangalia ramani kwenye simu anasema kila kitu ni karibu: tutazunguka Pelourinho, tushuke bandarini, tupande tena, kisha twende kwa miguu mpaka mnara wa taa wa Barra. Jirani aliyewahi kufika Brazili anasema tusithubutu, tutaporwa mpaka viatu. Mwingine anasema tusiwe na shaka, wenyeji wa kule ni weusi kama sisi, hakuna atakayetujua. Tena tumesikia Waislamu weusi waliwahi kushika silaha huko wakati wa utumwa. Kuna mahali pa kuona athari zao? Niambie ukweli: tutembee au tukae hotelini?"

Waalaikumu salaam, mama.

Tembeeni. Hotelini msikae, kwa sababu Salvador ukiitazama kwa dirisha la gari utaambulia foleni na kuta tu. Ila msitembee kwa ramani ya mzee. Njia yake imekusanya katika siku moja karibu kila kitu ambacho goti lako halikitaki, na karibu kila mahali ambapo mkora angependa kumkuta mgeni. Si kwamba amekosea umbali. Umbali kweli ni mfupi. Tatizo ni kwamba simu inaupima mji kwa ubapa wake, na Salvador haina ubapa. Hofu zako zote mbili, ya goti na ya wizi, zinatoka kwenye jambo moja, nalo ni umbo la mji wenyewe. Ukilielewa hilo utajipangia safari bila kuhitaji maoni ya majirani.

Mwaka 1549 mfalme wa Ureno alimtuma Tomé de Sousa kwenda kujenga makao makuu ya koloni la Brazili. Alishukia ufukweni, pale panapoitwa leo Porto da Barra, lakini mji hakuujenga ufukweni. Aliupandisha juu ya ukingo wa mwamba unaotazama Ghuba ya Watakatifu Wote, mahali ambapo meli ya adui ingeonekana mapema na askari wake wangefika juu wakihema. (Miaka 44 baadaye Wareno hao hao walianza kujenga Fort Jesus kwenu, kwa akili ile ile.) Serikali, makanisa na nyumba za matajiri zikakaa juu, gati, maghala na biashara zikakaa chini. Hivyo ndivyo mji ulivyokuwa hadi 1763, Salvador ilipoacha kuwa mji mkuu wa Brazili, na hivyo ndivyo ulivyo leo. Wenyeji husema Cidade Alta na Cidade Baixa, yaani mji wa juu na mji wa chini, na kati yao kuna mteremko mkali wa mita zipatazo 70. Kwenye simu ya mzee, uwanja wa juu na soko la chini vinakaribiana hata unaweza kudhani mtavuka barabara tu. Ukweli ni kwamba kimoja kiko juu ya jengo la ghorofa ishirini na kingine kiko mlangoni mwake.

Kwa hiyo neno la kwanza: kupanda na kushuka kati ya miji hiyo miwili iachieni mitambo. Ipo lifti ya umma, Elevador Lacerda, iliyofunguliwa mwaka 1873, yenye kimo cha mita 72. Inawatoa uwanja wa Praça Tomé de Sousa na kuwafikisha chini kabla hamjamaliza salamu, na nauli yake ni ndogo mno. Kipo pia kigari cha reli kinachovutwa kwa waya, Plano Inclinado Gonçalves, nyuma ya kanisa kuu, ila hicho hakitembei saa zote, kwa hiyo msikitegemee. Zile barabara za mteremko zinazounganisha juu na chini, hasa Ladeira da Montanha na Ladeira da Conceição, msizipite kwa miguu, hata mchana, hata kama simu inasema ni dakika nane. Nitaeleza sababu.

Kwanza goti. Watu wengi huogopa kupanda, kumbe kwa goti lenye kasoro kushuka ndiko kunakoumiza zaidi. Unapopanda, msuli wa paja unafupika na kuusukuma mwili juu. Unaposhuka, msuli ule ule unalazimika kufanya kazi ya breki huku ukirefuka, na uzito wa mwili unakandamiza kifuniko cha goti dhidi ya mfupa wa paja kwa kila hatua. Ongeza hapo mawe ya barabara za Pelourinho, yaani mji wa kale, ambayo hayalingani, yamelainishwa na miaka, na mwisho wa Juni yatakuwa yameloa, maana mvua za Salvador hunyesha sana kati ya Aprili na Julai. Mvua yenyewe si ya kutisha, hushuka ikapita, lakini inaacha mawe yanateleza. Kandambili na makubazi ya ngozi yaacheni Mombasa. Vaeni viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira. Beba mkongojo wa kukunja hata kama nyumbani huutumii; kwenye mteremko unaushika mkono wa pili, upande usiouma, unapunguza mzigo. Na kabla ya safari onana na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Goti linalouma kidogo baada ya matembezi ni jambo moja. Goti linalovimba, linalokwama, au linaloachia ghafla ukiwa unatembea ni jambo jingine kabisa, na hilo ushauri wangu haulitoshi.

Sasa wizi. Jirani yako wa kwanza hajasema uongo, amesema nusu. Matajiri wa Salvador walianza kuhama mji wa kale na kwenda upande wa Vitória na Barra, na yale majumba makubwa ya Pelourinho yakabaki kwa familia maskini, chumba kwa chumba, hadi mengine yakaanza kubomoka yenyewe. Mwaka 1985 UNESCO iliuingiza mji huo wa kale katika urithi wa dunia. Kuanzia 1992 serikali ya jimbo la Bahia ikaanza kuukarabati: kuta zikapakwa rangi, maduka na migahawa ikafunguliwa, polisi wakapangwa. Lakini familia nyingi zilizokuwa zikiishi humo ziliondolewa kwa fidia ndogo. Jambo hilo bado linawauma watu wa pale, na mkikutana na mzee wa Pelourinho mwenye hasira na watalii, mjue hana chuki na nyinyi.

Matokeo yake ndiyo yanayowahusu. Mji ambao wakazi wake wamehamishwa hauna macho ya wakazi. Nyumbani, mkipita kichochoro saa mbili usiku, kuna mama anakaanga mihogo, kuna vijana barazani, kuna anayewajua. Pelourinho barabara za watalii zina watu pale tu watalii wanapokuwepo. Maduka yakifungwa, au mvua ikipiga, au ukikata kona moja kuelekea majengo yaliyoachwa, unajikuta peke yako kwa muda wa dakika mbili. Zile barabara za mteremko ndivyo zilivyo mchana na usiku: hakuna duka, hakuna baraza, ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili, wala huna pa kuchepukia. Kibaka hahitaji zaidi. Kwa hiyo msiulize "mtaa huu ni salama?" Ulizeni "sasa hivi kuna watu wa kawaida hapa, wanawake, watoto, wauza vitu?" Wakiwapo, endeleeni. Barabara ikiwa imenyamaza ghafla, geukeni mrudi mlikotoka, bila haya.

Kinachoibiwa zaidi ni simu, na mara nyingi ni simu iliyoko mkononi mwa mtu anayesoma ramani katikati ya njia. Mzee akitaka kutazama ramani, aingie dukani au kanisani kwanza. Dhahabu zako zote ziache kwa binti, hata ile pete ndogo. Bebeni fedha kidogo za noti ndogo ndogo mfuko wa mbele, na nakala ya pasipoti badala ya pasipoti yenyewe. Mtu akiwatokea na kudai kitu, mpeni, msibishane naye wala msimkimbize. Polisi wanapigiwa 190, gari la wagonjwa 192, na kituo cha polisi wanaoshughulikia watalii kipo hapo hapo Pelourinho.

Jirani wa pili naye nimrekebishe. Ni kweli kwamba watu wengi sana wa Salvador ni weusi au wa damu mchanganyiko yenye asili ya Afrika, na ninyi mtaona nyuso ambazo mngeapa mmeziacha Kisauni. Lakini mgeni hatambuliwi kwa rangi. Anatambuliwa kwa mwendo wa polepole, kwa shingo iliyoinuka kutazama madirisha, kwa kusimama njia panda. Mtajulikana kabla hamjafungua mdomo. Kuna faida moja ya kweli: wauza vitu watawafuata kidogo kuliko wanavyowafuata Wazungu, na watu watawaongelesha Kireno wakidhani mnaelewa. Na kuna upande mwingine ambao wengi hawausemi. Katika duka la kifahari au mlango wa hoteli kubwa, mtu mweusi asiyejulikana huweza kutazamwa kwa shaka hata katika mji huu wa weusi. Ubaguzi wa rangi ni kosa la jinai Brazili kwa sheria ya mwaka 1989, na mna haki ya kulalamika polisi. Nawaambia ili lisiwashtue, si ili liwaharibie safari.

Sasa njia zenyewe. Salvador inatembewa kwa vipande. Mnatembea kipande kimoja chenye raha, mnapanda teksi au gari la kuita kwa simu, mnatembea kingine. Binti awasaidie kuweka programu ya usafiri kwenye simu na kuiunganisha na kadi kabla hamjaondoka São Paulo.

Kipande cha asubuhi ya kwanza kiwe kile cha tambarare. Anzeni Praça Tomé de Sousa, juu ya lifti, mtazame ghuba. Kutoka hapo mpaka uwanja wa Terreiro de Jesus haifiki nusu kilomita na hakuna mlima. Njiani mtapita Praça da Sé, palipokuwa na kanisa kuu la kwanza la mji. Lilibomolewa mwaka 1933 kupisha njia ya tramu, na tramu zenyewe leo hazipo. Kwenye Terreiro de Jesus lipo jengo la chuo cha udaktari kilichoanzishwa 1808, na ndani yake Makumbusho ya Afrika na Brazili. Msiyapite bila kuingia. Kuna mbao 27 za mchoraji na mchongaji Carybé, kila moja ndefu kuliko mtu, zikionyesha miungu ya candomblé, dini yenye asili ya Afrika, na hata usipoiamini dini hiyo utaheshimu mkono ulioshika patasi. Kando kidogo liko kanisa la São Francisco, maarufu kwa mapambo yake ya dhahabu. Februari 2025 sehemu ya dari yake iliporomoka na mtalii mmoja akafariki, likafungwa kwa matengenezo. Ulizeni hali yake hotelini kabla ya kulipangia muda.

Kutoka Terreiro barabara inaanza kuteremka mpaka Largo do Pelourinho, ule uwanja wa pembetatu unaouona kwenye kila picha. Jina lake linatokana na nguzo ya kuchapia watumwa viboko hadharani. Hapa teremka polepole, kwa kukatiza pembeni badala ya moja kwa moja, na usione haya kushika bega la mzee. Chini lipo kanisa la buluu, Rosário dos Pretos, lililojengwa katika karne ya 18 na jumuiya ya Waafrika, watumwa na waliokombolewa, kwa saa walizoziiba kutoka kwenye kazi za mabwana zao. Ujenzi uliwachukua karibu miaka 100. Kama mojawapo ya siku zenu ni Jumanne, saa kumi na mbili jioni huwa na misa inayoendeshwa kwa ngoma, na hata mtu anayesimama nje mlangoni anaisikia vizuri.

Mzee atataka kuendelea mbele. Mzuie. Baada ya uwanja huo njia inapanda tena kwa Ladeira do Carmo, na huo mlima baada ya mteremko ule ndio utakaokumalizia goti. Kesho yake chukueni teksi mpaka Largo de Santo Antônio, upande wa juu kabisa, na mtembee huko huko. Mtaa wa Santo Antônio Além do Carmo ndio ninaoupenda kuliko Pelourinho, nikiwa mkweli. Una wakazi. Nguo zinaanikwa madirishani, wazee wanacheza dhumna, na nyuma ya nyumba za upande mmoja kuna migahawa inayotazama ghuba nzima. Ngome ya hapo sasa ni nyumba ya walimu wa capoeira, ule mchezo wa kupigana kwa mwendo wa ngoma.

Tena mna bahati ya tarehe. Brazili ilijitangazia uhuru Septemba 1822, lakini Wareno waliishikilia Salvador mpaka tarehe 2 Julai 1823, na watu wa Bahia husherehekea tarehe yao hiyo kuliko ya taifa. Asubuhi maandamano yanaanzia mtaa wa Lapinha na kupita Santo Antônio kuelekea Pelourinho, pamoja na bendi za shule, vyama vya siasa, na sanamu za Caboclo na Cabocla, mwanamume na mwanamke wa wenyeji wa asili, zikivutwa kwenye magari yao. Kaeni Santo Antônio, mtafute kiti mapema dirishani au kizingitini, muyaache maandamano yawajie. Siku hiyo msishuke mji wa chini, kutakuwa kumefungwa.

Mji wa chini wenyewe ni wa siku ya kazi, asubuhi. Mtaa wa Comércio una ofisi. Jumamosi mchana na Jumapili unabaki ganda. Shukeni kwa lifti, mtakuta Mercado Modelo mbele yenu, soko la vitu vya mikono. Karibu nalo liko kanisa la Conceição da Praia, ambalo mawe yake yalichongwa Ureno na kuletwa kwa meli kama shehena. Watu watawaambia kwamba chini ya soko, kwenye vyumba vinavyoingia maji, ndiko walikofungwa watumwa wakisubiri mnada. Lisikilizeni kwa heshima lakini mjue kwamba jengo hilo lilijengwa mwaka 1861 kama forodha, na biashara ya kuleta watumwa Brazili kwa bahari ilikuwa imekatazwa mwaka 1850. Utumwa wenyewe uliendelea mpaka 1888, na Salvador imejaa mahali halisi pa mateso hayo, haihitaji kuongezewa.

Hapo sasa nifike kwenye swali lako la Waislamu, ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika kwa urefu.

Ndiyo, walikuwepo. Waliitwa Malê, wengi wao Wayoruba na Wahausa kutoka Afrika Magharibi. Kuna wageni wetu wengi wanaofika wakitafuta mababu wa pwani ya Waswahili. Wa kutoka Msumbiji na pwani ya mashariki walipelekwa zaidi Rio de Janeiro, na Salvador ilikuwa mji wa watu wa Ghuba ya Benin na Angola. Malê walijua kusoma na kuandika Kiarabu katika mji ambao mabwana wengi hawakujua hata kuandika majina yao. Walikuwa na walimu, walikusanyika kusoma, walivaa kanzu nyeupe wakiwa faraghani, na walivaa hirizi za aya shingoni. Mmoja wa walimu wao alikuwa mzee Pacífico Licutan, mtumwa mviringaji wa tumbaku. Wanafunzi wake walichanga fedha za kumkomboa, bwana wake akakataa. Kisha bwana huyo akadaiwa na watawa wa Karmeli, na mzee akatiwa gerezani kama mali iliyokamatwa kufidia deni.

Walipanga kuinuka alfajiri ya Jumapili, 25 Januari 1835, katika kumi la mwisho la Ramadhani, wakati watu wengi wa mji watakuwa wamekwenda kwenye sikukuu ya kanisa la Bonfim. Usiku wa kuamkia siku hiyo siri ikavuja. Doria ikavamia nyumba moja ya Ladeira da Praça, na waliokuwamo wakatoka na mapanga kabla ya saa waliyoipanga. Jambo la kwanza walilolifanya halikuwa kukimbilia silaha wala fedha. Walikwenda kumtoa mwalimu wao gerezani. Gereza lilikuwa chini ya jengo la baraza la mji, na walinzi wakawafyatulia risasi, wakashindwa. Wakazunguka mji usiku mzima wakipambana, wakapita Terreiro de Jesus, wakashuka Pelourinho, na mwisho wakapigwa na wapanda farasi mahali paitwapo Água de Meninos, mji wa chini. Walikuwa kama watu 600 kwa jumla, na waliouawa wanakaribia 70. Baadaye wanne walipigwa risasi kwa hukumu, wengine wakachapwa viboko, wengi wakarudishwa Afrika kwa nguvu. Licutan, ambaye usiku ule alikuwa ndani ya seli, alihukumiwa viboko 1,200.

Athari zake mtaziona wapi? Mkisimama Praça Tomé de Sousa, jengo lile la matao ndilo la baraza la mji, na gereza la Licutan lilikuwa chini yake. Ladeira da Praça inateremka kutoka pembeni mwa jengo hilo. Unaweza kuitazama kutoka juu bila kuishuka. Terreiro na Pelourinho mtakuwa mmezipita tayari kwa njia niliyowapa. Msitegemee jumba kubwa la kumbukumbu. Mzee akitaka kuswali Ijumaa au siku yoyote, msikiti upo mtaa wa Nazaré, mashariki ya mji wa kale. Nendeni kwa teksi. Nazaré ndiko uliko pia uwanja wa Campo da Pólvora, ambako wale wanne walipigwa risasi.

Barra nimeiacha makusudi. Kutoka Pelourinho ni kilomita tano na zaidi kwa barabara ya Avenida Sete de Setembro, na si mbaya yote: kuanzia Campo Grande mpaka Vitória ina kivuli cha miti mikubwa na makumbusho mazuri. Lakini mwanzo wake ni msongamano wa maduka siku za kazi na upweke Jumapili, na mwisho wake ni mteremko mkali wa Ladeira da Barra. Mzee akisisitiza, atembee Campo Grande mpaka Vitória peke yake asubuhi ya siku ya kazi nawe ukamngoje kwa chai. Kisha nendeni wote kwa gari mpaka mnara wa taa. Hapo njia ya ufukweni ni tambarare mpaka Porto da Barra, goti lako litashukuru, na kwa kuwa ghuba inatazama magharibi mtaona jua likizama majini, jambo adimu kwenye pwani ya Brazili.

Angalia tu saa. Mwishoni mwa Juni jua huzama Salvador saa kumi na moja na dakika ishirini hivi za jioni, kama saa nzima kabla ya kwenu. Watu wengi wa Afrika Mashariki hushikwa na giza wakidhani bado mapema. Mji wa kale uwe umeisha kwenu kwa miguu ifikapo saa kumi na moja, isipokuwa mko katikati ya umati. Kuna kichekesho kimoja: tofauti ya saa ni sita kamili, kwa hiyo mkisema nyumbani "saa tisa", saa ya ukutani Salvador inasoma tisa. Msizibadilishe saa zenu za mkono kwa haraka.

Chakula hakitawapa shida. Acarajé ni bajia za kunde hasa, zilizokaangwa kwa mafuta ya mawese na kujazwa bamia na kamba wakavu, na akina mama wa mavazi meupe wanaoziuza kazi yao imeandikishwa kuwa urithi wa taifa tangu 2005. Anzeni na moja, maana mawese yao ni mazito kwa tumbo lisiloyazoea. Moqueca ni samaki wa nazi. Atakayewafunga utepe wa rangi mkononi "zawadi" atadai fedha baadaye, na wacheza capoeira wa uwanjani pia; mkipiga picha, ulizeni bei kwanza.

Mwongozaji je? Kwa siku zote, hapana, mtachoka kusikiliza. Kwa asubuhi ya kwanza, ndiyo, na mwambieni mapema mnataka habari za Malê, kwa sababu wengine huzipita kwa sentensi moja. Awe na kitambulisho cha Cadastur, ambacho ndicho usajili rasmi wa waongozaji Brazili, na mkubaliane bei na saa kabla ya hatua ya kwanza. Anayewadaka barabarani akisema yeye ni mwongozaji, mshukuruni mpite.

La mwisho ni homa ya manjano. Brazili imo kwenye nchi zenye ugonjwa huo, na mkirudi Kenya mtaombwa kadi ya chanjo. Kama mliwahi kuchanjwa, kadi hiyo siku hizi ni ya maisha yote, itafuteni kabatini. Kama hamjawahi, msiende tu kuchomwa sindano. Kwa mtu aliyevuka miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa ni adimu lakini ni mengi kuliko kwa kijana, na daktari anatakiwa kupima hali yako, dawa unazotumia na ulazima wenyewe kabla ya kuamua. Chanjo inahesabika baada ya siku 10, kwa hiyo nendeni kliniki ya wasafiri mwezi mmoja kabla, nyote wawili, na ulizie goti siku hiyo hiyo.